Mtoto amezaliwa na uvimbe kwenye kifandugu: mwongozo kwa wazazi, kuanzia chumba cha kujifungulia hadi kliniki ya mwisho

Mkunga akimgeuza mtoto kumfuta mgongo kisha akanyamaza ghafla, mama hajaambiwa kitu lakini tayari ameshajua. Wazazi wengi ninaowapokea wodini huanza kusimulia kutoka kwenye ukimya ule. Baadaye ndipo wanapotaja uvimbe wenyewe: umetokeza kati ya makalio, umefunikwa na ngozi laini inayong'aa, mwingine mdogo kama ndimu, mwingine mkubwa kuliko kichwa cha mtoto aliyeubeba.

Uvimbe huu madaktari wanauita teratoma ya kifandugu. Kifandugu ni kile kijifupa cha mwisho kabisa cha uti wa mgongo, kinachouma ukianguka kwa makalio. Mtoto anapoanza kuumbwa tumboni, huwa kuna seli ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini: ngozi, mfupa, utumbo au ubongo. Baadhi hubaki pale mwishoni mwa mgongo na kuendelea kukua bila mpangilio. Ndiyo maana uvimbe ukipasuliwa huonekana mafuta, nywele, gegedu, maji, wakati mwingine hata jino. Jino hilo ndilo lililozaa hadithi ya "pacha aliyemezwa". Si pacha. Si mkia pia, wala hakuna chakula, dawa ya malaria au jicho la mtu lililousababisha. Hutokea kwa takriban mtoto mmoja katika kila watoto 35,000 hadi 40,000 wanaozaliwa hai, na wasichana huupata mara tatu hadi nne zaidi ya wavulana. Kwa mtoto mchanga, katika aina zote za uvimbe wa kuzaliwa nao, huu uko mstari wa mbele kabisa.

Mwongozo huu ni wa uvimbe huo tu. Uvimbe wa maji shingoni, wa figo, au alama nyekundu za mishipa ya damu kwenye ngozi una njia zake.

Hatua ya 1: Kama umeonekana kabla ya kuzaliwa, badilisheni mahali pa kujifungulia

Ultrasaundi ya wiki ya 18 hadi 22 inaweza kuuona. Dalili nyingine ni tumbo la mama kuwa kubwa kuliko miezi yake, kwa sababu maji ya uzazi yamezidi. Ukiambiwa hivyo, usirudi kujifungulia zahanati ya karibu kwa sababu mkunga wa pale unamzoea. Uvimbe unaozidi sentimita 5 mara nyingi humfanya daktari aamue upasuaji wa uzazi, maana mtoto anaweza kukwama makalio yakiwa bado ndani, au uvimbe ukachanika njiani na damu ikamwagika.

Uliza swali moja tu: "Hapa yupo daktari bingwa wa upasuaji wa watoto?" Kwa Tanzania, hospitali za kufikiria ni Muhimbili, Bugando na KCMC. Kwa Kenya ni Kenyatta jijini Nairobi au Moi kule Eldoret, na Waganda wanaijua Mulago. Kama unaishi mbali, hamia kwa ndugu aliye karibu na hospitali wiki chache kabla ya siku. Najua kuishi kwa shemeji na tumbo la miezi minane si raha. Vumilia.

Mama anayelea mimba hii akivimba mwili haraka au akaanza kukosa pumzi, hiyo si hali ya kusubiri tarehe ya kliniki. Aende siku hiyohiyo.

Hatua ya 2: Saa ya kwanza baada ya kuzaliwa

Hapa ndipo watoto wengi wanapopotea, na uvimbe wenyewe huwa haujafanya kitu. Wanapotea kwa baridi na kwa damu.

Kwanza joto. Uvimbe mkubwa ni ngozi ya ziada inayopoteza joto. Mlaze mtoto kifudifudi kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, kanga mbili juu. Kwa mtoto huyu kifua cha mama ni kitanda bora kuliko vyote: anapata joto, na uvimbe unakaa juu bila kukandamizwa. Kipima joto kikisoma chini ya 36.5, mtoto ameshapoa, ongeza nguo na umkumbatie zaidi kabla ya kumhangaikia kwa mengine.

Pili damu. Chukua kilo za mtoto, zidisha kwa 80. Hizo ndizo mililita za damu aliyonayo mwilini. Mtoto wa kilo 3 ana kama mililita 240. Chupa ya soda ina zaidi ya hapo. Kwa hiyo kanga iliyolowa damu, ambayo kwa mtu mzima ni jambo la kufua tu, kwa mtoto huyu ni hatari ya kufa. Uvimbe ukichanika, kandamiza kwa shashi au kitambaa safi, mkono mmoja umetulia, usifunue kila dakika kuchungulia. Ahakikishiwe sindano ya vitamini K, miligramu 1 kwa mtoto wa uzito wa kawaida, kama watoto wengine wote.

Ngozi ikiwa nzima, funika kwa kitambaa safi kikavu na laini. Ikiwa imechubuka, muuguzi ataweka shashi yenye maji ya chumvi ya dripu yaliyopashwa moto kidogo, kisha nailoni safi juu yake, ili ule unyevu usigeuke kuwa baridi.

Na sasa yale yasiyofanywa. Nimempokea mtoto wa siku tisa ambaye uvimbe wake ulikuwa umefungwa uzi mweusi kwenye shina, uzi umezungushwa mara saba au nane na kukazwa vizuri kabisa, kama kitovu kinavyofungwa. Bibi yake aliufunga kwa upendo. Alitegemea ukauke udondoke. Ngozi ya juu ilikuwa imeshaanza kuwa nyeusi na kutoa harufu, na kabla ya upasuaji tulilazimika kupigana na maambukizi kwa siku kadhaa. Uvimbe huu haudondoki, kwa sababu mzizi wake uko kwenye mfupa. Mwingine aliletwa akiwa ameshachomwa sindano kwenye kituo alikotoka, wakidhani ni jipu. Usaha haukutoka, ilitoka damu. Usitoboe, usifunge, usipake majivu wala dawa ya mizizi.

Hatua ya 3: Hakikisheni si mgongo wazi

Vitu hivi viwili huchanganywa sana kwenye rufaa, na chumba cha upasuaji cha kila kimoja si sawa. Mgongo wazi mara nyingi hukaa juu zaidi, katikati ya kiuno, na uvimbe wake hujaa mtoto akilia kwa kuwa una maji ya uti wa mgongo. Teratoma ya kifandugu hukaa chini, chini kabisa, na husukuma njia ya haja kubwa ielekee mbele. Angalia pia kama mtoto anarusha miguu yote miwili, na kama anakojoa kwa kuruka au kwa kudondoka tu matone. Mwandikieni haya kwenye karatasi ya rufaa. Daktari anayempokea atawashukuru.

Hatua ya 4: Safari ya rufaa

Safari zinachosha na sina mengi ya kusema, ila haya. Ombeni gari la wagonjwa na muuguzi ndani yake. Basi la usiku si gari la mtoto huyu. Mama aende pamoja na mtoto, hata kama amejifungua kwa kisu na yuko dhaifu, maana bila maziwa yake na kifua chake nusu ya tiba imebaki nyumbani. Ndugu wawili au watatu wenye afya wafuate kwa ajili ya kuchangia damu. Bebeni kadi ya kliniki, picha za ultrasaundi, na sampuli ya damu ya mama kama mmepewa.

Kuhusu pesa: katika hospitali za umma Tanzania sera ni kwamba watoto chini ya miaka mitano hawatozwi, lakini kila mtu aliyewahi kulaza mtoto anajua kuna dawa utaambiwa ukanunue nje, kuna kipimo mashine yake imeharibika, kuna chakula cha mama na nauli. Siku ya kwanza mkifika, tafuteni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Msisubiri mpaka siku ya kutoka, deni limeshakuwa mlima.

Hatua ya 5: Vipimo, na maana ya "aina ya kwanza mpaka ya nne"

Daktari ataingiza kidole kidogo kwenye njia ya haja kubwa ya mtoto. Wazazi hushtuka. Kipimo hicho cha bure kinamwambia uvimbe umepanda ndani kiasi gani. Kisha ultrasaundi ya tumbo na nyonga, pengine CT au MRI (mashine za kupiga picha za ndani ya mwili), eksirei, kipimo cha moyo kama uvimbe ni mkubwa na una mishipa mingi, kundi la damu, na kipimo cha damu kiitwacho AFP, protini ambayo uvimbe wenye saratani unaweza kuiongeza kwenye damu.

Baada ya hapo mtasikia namba. Mgawanyo huo ulitoka Marekani mwaka 1974, kwa daktari Altman na wenzake waliokusanya taarifa za watoto karibu 400. Aina ya 1 iko nje karibu yote. Ya 2 iko nje lakini imeingia kiasi kwenye nyonga. Ya 3 inaonekana kidogo nje, sehemu kubwa iko ndani hadi tumboni. Ya 4 iko ndani yote, huoni kitu.

Watu huogopa aina ya 1 kwa sababu inatisha kuitazama. Mimi nikipewa kuchagua, ningechagua hiyo. Kinachoonekana huletwa hospitali siku ileile. Aina ya 4 hukaa kimya mwaka mzima, mtoto anatibiwa kufunga choo kwa dawa za kulainisha, na siku inapogunduliwa inaweza kuwa imeshageuka saratani. Takwimu za Altman zinaonyesha kwa nini muda ni kila kitu: kwa waliogunduliwa kabla ya miezi miwili, saratani ilikuwa asilimia 7 ya wasichana na 10 ya wavulana. Baada ya miezi miwili ilipanda kuwa asilimia 48 na 67.

Kwa hiyo mtu akiwaambia "mtoto bado mdogo, akikua kidogo ndiyo mumfanyie", mjibuni kwa heshima kwamba mmesikia, kisha mwendelee na tarehe ya upasuaji. Kama mtoto ametulia, hufanyiwa ndani ya siku au wiki za mwanzo. Kama anavuja damu au moyo unazidiwa na kazi ya kusukuma damu kwenye uvimbe, ni dharura.

Hatua ya 6: Fomu ya ridhaa

Fomu huletwa jioni, mama kachoka, baba yuko getini anazuiwa na mlinzi kwa kuwa muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Usitie sahihi kabla baba au ndugu mwingine hajasikia maelezo pamoja nawe, isipokuwa iwe dharura. Kisha ulizeni:

– Kifandugu kitatolewa pamoja na uvimbe?
– Damu ya mtoto iko tayari benki, na ni ya kundi lake?
– Mtapitia nyuma tu, au mtafungua na tumbo?
– Baada ya hapo atalala wodi gani, na mimi nitalala wapi?
– Kipande kitapelekwa maabara ya patholojia?

Swali la kwanza ndilo la msingi. Tangu mwaka 1951, Robert Gross na wenzake kule Boston walipoonyesha kwamba kuacha kifandugu kunafanya uvimbe urudi kwa hadi asilimia 37 ya watoto, kanuni imekuwa hiyohiyo: kifandugu kinatoka pamoja na uvimbe, kipande kimoja. Bingwa wa upasuaji wa watoto hatashangaa ukimuuliza. Akishangaa, ulizeni tena. Na msiwe na wasiwasi kwamba mtoto atakosa mfupa: atakaa, atatambaa, atatembea bila hicho kijifupa.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Maziwa ya mama husitishwa saa 4 kabla ya usingizi, yaani mtoto akipangiwa saa mbili asubuhi, ziwa la mwisho ni saa kumi alfajiri. Mama aendelee kukamua kila baada ya saa mbili tatu ili maziwa yasikauke. Tumeona akina mama waliolia siku nzima bila kukamua, mtoto akatoka thieta mzima na ziwa likawa limegoma.

Ndani, chumba hupashwa joto mpaka madaktari wanatoka jasho. Mtoto hupewa nusu kaputi, mpira wa mkojo huwekwa, kisha hulazwa kifudifudi, nyonga zimeinuliwa kwa vitambaa vilivyokunjwa. Njia ya haja kubwa huwekewa shashi au kifimbo laini ili mpasuaji aihisi kwa kidole na asiikate. Chale hukatwa kama herufi V iliyopinduliwa, uvimbe unaachanishwa taratibu na misuli ambayo uvimbe umeitandaza ikawa myembamba kama karatasi. Misuli hiyo ndiyo itakayomsaidia mtoto kuzuia choo maisha yake yote, ndiyo maana kazi inakwenda polepole. Mshipa mkubwa unaolisha uvimbe, unaoshuka mbele ya mwisho wa uti wa mgongo, hufungwa kwa uzi kabla haujakatwa. Kifandugu kinakatwa kwenye kiungo chake na kutoka. Kisha misuli inashonwa kurudi mahali pake, njia ya haja kubwa inarudishwa nyuma ilipotakiwa kuwa, ngozi ya ziada inapunguzwa.

Aina ya 3 na ya 4 huanza na tumbo, kufunga mishipa na kuachanisha utumbo na kibofu, halafu mtoto hugeuzwa. Uvimbe wenye damu nyingi sana nao wakati mwingine huanziwa tumboni kwa sababu hiyohiyo.

Ninyi mko kwenye benchi la nje. Muda wa saa mbili hadi nne ni wa kawaida. Muuguzi akitoka mbio kufuata damu si lazima mambo yameharibika.

Hatua ya 8: Kufuata kipande

Hii watu huisahau, na mimi naikomalia. Uvimbe ukitoka huwekwa kwenye chombo chenye fomalini na lebo ya jina la mtoto. Katika hospitali nyingi ni ndugu ndiye anayetumwa kuupeleka maabara. Yule anayeaminiwa zaidi ndiye aubebe, ahakikishe lebo inasomeka, apewe risiti, aandike namba yake kwenye simu. Majibu huchukua wiki kadhaa. Yanakuja kwa namna tatu: uvimbe uliokomaa, uvimbe wenye tishu changa, au wenye seli za saratani. Mbili za kwanza kwa mtoto mchanga kwa kawaida zinahitaji ufuatiliaji tu. Ya tatu inahitaji dawa za saratani za mchomo, na ugonjwa huu huzisikiliza dawa hizo vizuri kuliko saratani nyingi za watu wazima. Bila karatasi hiyo hakuna anayejua mko kundi gani.

Hatua ya 9: Wodini na nyumbani

Msishtuke mtoto akipimwa uzito. Aliingia na kilo 3.6, ametoka na 2.7; kilo karibu nzima ilikuwa uvimbe. Mama mmoja aligoma kabisa kuamini mizani yetu, akadai tumembadilishia mtoto, mpaka alipoiona alama ya kuzaliwa begani.

Siku za mwanzo hulazwa kifudifudi au ubavu, akiangaliwa na wauguzi. Nyumbani fuateni mtakavyoelekezwa kuhusu lini aanze kulala chali. Msimlaze kifudifudi bila mtu wa kumtazama.

Shida kubwa ya kidonda hiki ni jirani yake: kiko sentimita chache tu kutoka kwenye choo. Kila akichafua, hapohapo asafishwe. Wazoefu wa watoto wa kike hufuta kuelekea nyuma, lakini huyu nyuma ndiko kidonda kiliko. Kwa hiyo msifute. Mwagieni maji yaliyochemshwa yakapoa hadi uvuguvugu, kisha gusagusa kwa kitambaa safi kikavu. Poda hapana, mafuta ya nazi hapana mpaka pamekauka. Nepi za plastiki ziachwe wazi kwa nyuma kadiri iwezekanavyo.

Rudi hospitali bila kusubiri tarehe ukiona usaha au kidonda kuachia, homa au mwili kupoa, kukataa ziwa, tumbo kujaa, au nepi kavu kwa saa sita na zaidi. Kutokojoa ndiko kunakonitia hofu zaidi, kwa kuwa mishipa ya fahamu ya kibofu inapita palepale.

Hatua ya 10: Miaka mitatu ya kliniki

Kidonda kikipona, familia nyingi hupotea. Nawaelewa, nauli ni nauli. Lakini uvimbe ukitaka kurudi, kwa kawaida hurudi ndani ya miaka mitatu ya mwanzo, tena kwa ndani, usipoonekana. Ratiba ya kawaida ni kila baada ya miezi mitatu: kidole, AFP, na ultrasaundi inapohitajika. AFP ya mtoto mchanga huwa juu sana hata kwa mtoto mzima, hushuka polepole mpaka anapokaribia mwaka. Kwa hiyo namba moja haina maana. Linganisheni na ya mara iliyopita. Ikishuka, vizuri. Ikianza kupanda, kuna kitu. Pimieni maabara ileile kila mara mkiweza.

Mwangalieni pia choo na mkojo. Kuna watoto wanaofunga choo sana, wengine mkojo unadondoka muda wote, na hilo huonekana wazi anapofika umri wa kufundishwa kukaa kwenye poti. Semeni kliniki, zipo dawa, ratiba za choo na namna za kumsaidia kibofu. Aibu ya mama imewachelewesha wengi kupata msaada huo mpaka mtoto ameanza kuchekwa shuleni.

Kabla hamjatoka hospitali, ombeni nakala ya maelezo ya upasuaji na someni mstari unaosema kifandugu kimetolewa. Mstari huo usipokuwepo, mwombeni daktari auandike kabla hajaenda kwenye mzunguko mwingine. Ifanyieni laminesheni pamoja na majibu ya patholojia, piga picha zote mbili, tuma kwenye simu ya baba na ya shangazi. Simu hupotea.